Karatasi na Barabara: Tafakari Kuhusu Ununuzi wa Gari la Misuli la Kimarekani

Miongoni mwa bidhaa zilizotengenezwa kwa wingi katika viwanda vya Marekani katika karne ya 20, ni chache ambazo thamani yake imefungamana na karatasi kama ilivyofungamana thamani ya gari la misuli, yaani gari la milango miwili, la ukubwa wa kati na bei ya wastani, ambalo kiwanda kililifunga injini ya silinda nane iliyokusudiwa magari makubwa zaidi, ili liondoke kwa kishindo kwenye barabara iliyonyooka. Mtazamaji wa pembeni huona bati, rangi na ngurumo, akadhani kwamba hivyo ndivyo vinavyolipiwa. Anayefuatilia namna magari haya yanavyobadilisha mikono leo, kwenye minada na kwenye yadi, hugundua kwamba sehemu kubwa ya fedha hutolewa kwa ajili ya ushahidi: fomu, vibati, tarakimu na barua zinazothibitisha kuwa gari lililopo ndilo lile lililotoka kiwandani. Wapo wanaoilaumu tabia hii kama uroho wa walanguzi wa siku hizi, lakini historia inaonyesha kwamba gari la misuli lilizaliwa nayo, na kwamba mnunuzi asiyeielewa atapotea njia, awe anatafuta gari jipya au lililotumika.

Mfano wa kwanza na ulio wazi zaidi ni Pontiac GTO ya 1964. Januari 1963 uongozi wa General Motors uliziagiza idara zake zote ziache kushiriki mashindano ya magari, na kanuni nyingine ya ndani ilikataza magari ya ukubwa wa kati kufungwa injini inayozidi inchi za ujazo 330, sawa na lita 5.4 hivi. John DeLorean, aliyekuwa mhandisi mkuu wa idara ya Pontiac, pamoja na wenzake waliuona mwanya: kanuni ililihusu gari kama lilivyoorodheshwa kwa kuuzwa, wala haikutaja vifaa vya ziada ambavyo mteja angeweza kuviomba. Hivyo injini ya inchi za ujazo 389, ambayo ni lita 6.4, iliingizwa kwenye orodha ya nyongeza za gari la kawaida lililoitwa Tempest LeMans, kwa bei isiyofika dola 300, ikiandamana na springi ngumu zaidi, ekzosi mbili na gia ya sakafuni. Magari 32,450 ya namna hiyo yaliuzwa katika mwaka huo wa kwanza, na wakubwa waliotunga kanuni hawakuwa tena na hamu ya kuisimamia.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba GTO hiyo, mbele ya vitabu vya kampuni, ilikuwa LeMans iliyowekewa alama ya vema mahali fulani kwenye fomu ya kuagizia. Namba ya chesisi ya GTO ya 1964 na ya 1965 haina herufi wala tarakimu inayoitenga na LeMans ya mtu wa kawaida, na tofauti hiyo ilianza kusomeka kwenye namba yenyewe mwaka 1966. Kwa maneno mengine, hila iliyotumiwa na kiwanda kuificha injini kubwa ndani ya bodi ya kawaida ndiyo hila ambayo fundi yeyote mwenye winchi, injini na nembo chache anaweza kuitumia leo kuigeuza LeMans kuwa GTO, na kinachobaki kuzitenga hizo mbili ni karatasi ya mwaka 1964.

Wakati wenyewe ulikuwa mwafaka. Kizazi cha waliozaliwa mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kilianza kutimiza miaka 18 katika mwaka huohuo wa 1964, ajira za viwandani zilikuwa nyingi, na petroli ilikuwa rahisi. Tarehe 17 Aprili 1964 Ford ilizindua Mustang kwa bei ya kuanzia dola 2,368, gari ambalo kwa injini ndogo lilifaa kwendea kazini na kwa injini kubwa lilifaa kwa mambo mengine. Mwaka 1968 Plymouth, idara ya Chrysler, ilitoa Road Runner yenye injini ya inchi 383 kwa bei ya chini ya dola 3,000, sakafu yake haina zulia na kiti cha mbele ni benchi moja, kwa sababu kila senti iliyookolewa ilipelekwa kwenye mwendo. Hata hivyo idara hiyohiyo iliilipa Warner Bros. dola 50,000 ili itumie jina na sura ya ndege wa katuni. Chevrolet nayo ilikuwa na mlango wake wa nyuma, utaratibu uliofahamika kwa kifupi kama COPO, yaani amri ya uzalishaji kutoka ofisi kuu, uliowekwa kwa ajili ya wateja kama kampuni za teksi na idara za polisi waliohitaji rangi au vifaa visivyokuwamo kwenye orodha ya kawaida. Wauzaji wachache waliokuwa wajanja waliutumia utaratibu huo mwaka 1969 kuagiza Camaro zenye injini ya inchi 427, ilhali kanuni ya kampuni haikuruhusu injini inayozidi inchi 400 katika gari la aina hiyo.

Kisa cha mmoja wa wauzaji hao kinafundisha jambo ambalo wanunuzi wa leo hulisahau. Fred Gibb, aliyekuwa na duka la Chevrolet katika mji mdogo wa La Harpe, jimbo la Illinois, aliagiza Camaro 50 zenye injini ya ZL1, iliyosubiwa kwa alumini tupu, na magari yalipofika bei yake ikawa imezidi dola 7,000 kila moja, zaidi ya maradufu ya Camaro ya kawaida. Wateja walikuja, wakatazama, wakaondoka, na Gibb alilazimika kuirudishia kampuni sehemu kubwa ya mzigo ule ili ugawanywe kwa wauzaji wengine. Jumla ya Camaro za ZL1 zilizotengenezwa ni 69. Plymouth 'Cuda ya paa la kukunja yenye injini ya Hemi, ambayo vyumba vyake vya mwako vina umbo la nusu tufe, ilitengenezwa mara 11 tu katika mwaka wa 1971, kwa kuwa injini hiyo iliongeza mamia ya dola kwenye bei na bima yake ilimtoa jasho kijana yeyote. Mojawapo ya hizo 11 iliuzwa mnadani Seattle Juni 2014 kwa dola milioni 3.5. Uadimu unaonunuliwa leo kwa mamilioni ni kumbukumbu ya watu wengi waliokataa kununua, na anayejisifu kwa kumiliki gari adimu anamiliki, pamoja na chuma chake, hukumu ya soko la zamani kwamba gari lile halikuwa na maana kwa bei ile.

Hata kufa kwa zama hizo kulitokea kwa kiasi fulani juu ya karatasi. Kampuni za bima zilianza kutoza ada za juu kwa magari yenye nguvu kupita kiasi, Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ikadai moshi upunguzwe, na General Motors ikashusha uwiano wa mgandamizo wa injini zake za 1971 ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo. Uwiano huo, unaoeleza ni mara ngapi mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa kabla ya kuwashwa, ukishuka, nguvu nayo hushuka. Mwaka 1972 kipimo chenyewe kilibadilishwa: nguvu za farasi zilizokuwa zikipimwa kwenye injini tupu, isiyo na feni, altaneta wala ekzosi kamili, zikaanza kupimwa kwenye injini iliyovikwa vifaa vyote kama inavyokuwa barabarani. Injini ya inchi 454 iliyotangazwa katika Chevelle SS ya 1971 kuwa na nguvu za farasi 365 ikatangazwa mwaka uliofuata kuwa na 270, na mnunuzi asiyejua habari ya vipimo huamini mpaka leo kwamba farasi 95 walitoroka katika msimu mmoja, hali wengi wao walifutwa kwa kalamu. Vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 vilikuta kazi imekwisha kufanyika.

Mwaka 1970, zama hizo zilipokuwa kileleni, mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala iliyokuja kumpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2001, ambayo mfano wake mkuu ulikuwa soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni nyepesi kuielewa na nzito kuikwepa: muuzaji analijua gari lake na mnunuzi halijui, kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hutoa bei ya gari la wastani, mwenye gari zuri huona bei hiyo ni matusi na kuliondoa sokoni, wastani wa yaliyobaki ukashuka, bei nayo ikashuka tena, hadi yadi ikabaki na mikweche. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika soko la namna hii kizuri hakiwezi kujiuza kwa sababu hakuna anayeweza kukitambua kwa macho. Sheria za Marekani zimejaribu kulipunguza tatizo hilo, na tangu 1985 mfanyabiashara wa magari yaliyotumika analazimika kubandika dirishani tangazo linaloeleza kama gari linauzwa na dhamana au linauzwa kama lilivyo, lakini tangazo hilo halimhusu mtu binafsi anayeuza gari lake nyumbani, na halisemi lolote kuhusu kama GTO ni GTO.

Pengo hilo limezibwa na elimu ya pekee ya kusoma ushahidi. Katika magari ya Chevrolet ya mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa mfano, mkaguzi huinama upande wa abiria, mbele ya kichwa cha silinda, ambapo pana bapa dogo la chuma lililogongwa namba za kiwanda cha injini na sehemu ya namba ya chesisi. Hazisomi namba tu. Anatazama uso wa chuma wenyewe, kwa kuwa mashine ya kiwandani iliacha juu yake mistari myembamba iliyo sambamba, na anayetaka kugonga namba za uongo hana budi kwanza kusaga za zamani, tendo ambalo huifuta mistari hiyo au kuiacha na mwelekeo mwingine. Kisha hutafuta tarehe ya kusubiwa kwa bloku, iliyoandikwa kwa herufi ya mwezi kuanzia A hadi L, ikifuatwa na siku na tarakimu ya mwisho ya mwaka, kiasi kwamba C 14 9 humaanisha tarehe 14 Machi 1969. Ikiwa gari liliunganishwa Februari 1969, injini hiyo ilizaliwa baada ya gari na haikuweza kutoka nalo kiwandani. Kwa magari ya Chrysler hutafutwa kibati kidogo kilichokazwa kwa skrubu ndani ya boneti, na karatasi ya maelekezo ya mafundi ambayo mara nyingi ilisahauliwa katikati ya springi za kiti cha nyuma. Wenye Pontiac wana bahati kwamba kumbukumbu za kiwanda zilihifadhiwa na nakala yake huweza kununuliwa, na wenye Ford za kuanzia 1967 wanaweza kupata taarifa ya Marti, inayoeleza jinsi gari lilivyoagizwa na lilivyoundwa. Gari ambalo ushahidi wake wote unakubaliana husemwa kuwa na namba zinazolingana, na tofauti ya bei kati yake na pacha wake asiye na ushahidi yaweza kuwa kubwa kuliko bei ya pacha huyo.

Hapa ndipo mantiki ya soko inapojigonga yenyewe. Magari haya yaliuzwa ili yakimbizwe, na injini iliyokimbizwa kwa nguvu zake zote, kutoka taa hadi taa katika barabara kama Woodward ya Detroit, ilikuwa na uwezekano mkubwa wa kupasuka. Nyingi zilipasuka, zikabadilishwa kwa dhamana ya kampuni au kwa fedha ya mwenye gari, na gari likaendelea na maisha. Injini isiyo ya asili, basi, mara nyingi ni ishara kwamba gari lilitimiza kazi lililoundiwa, ilhali injini ya asili iliyobaki salama kwa zaidi ya miaka 50 ni ishara ya mmiliki mpole, au mzee, au aliyebahatika. Soko humtuza huyu wa pili na kumwadhibu yule wa kwanza, na kwa kufanya hivyo limegeuza maana ya kitu kizima: ubora wa gari la mbio umekuwa kutokukimbia.

Mnunuzi anayetaka kuendesha anaweza kuugeuza upuuzi huo kuwa faida yake. Injini ya silinda nane ya Kimarekani ni chuma cha kawaida, spea zake zinapatikana, na fundi mwenye ujuzi huifungua na kuifunga upya bila miujiza. Adui wa kweli wa gari la miaka ya 1960 ni kutu, inayotafuna sakafu, buti, sehemu za juu ya magurudumu ya nyuma na mkondo wa maji ulio chini ya kioo cha mbele, na inayojificha vizuri chini ya rangi mpya. Sumaku ndogo iliyofunikwa kitambaa na kupitishwa polepole juu ya bati husema ukweli ambao muuzaji huenda hausemi, kwa sababu haishiki mahali palipojazwa puti. Kwa hiyo gari lenye bodi kavu kutoka majimbo ya jangwani na injini ya kubadilishwa ni ununuzi bora kwa dereva kuliko gari lenye namba zinazolingana na sakafu iliyooza, ingawa orodha za bei husema kinyume. Tena huo uasili wenyewe una mpaka unaotatanisha, kwa kuwa leo huuzwa bodi nzima mpya za Mustang na Camaro za miaka ya 1960, na mtu anaweza kubadilisha kila kipande cha gari hadi kikabaki kibati cha namba peke yake. Kukihamisha kibati hicho ili kudanganya ni kosa chini ya sheria ya shirikisho, na hilo lenyewe laonyesha ni mahali gani sheria huamini kwamba gari hasa linakaa.

Kuna gari moja ambalo linaonekana kuipinga hoja hii, nalo ni Mustang GT ya 1968 aliyoendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt. Familia moja ililinunua kwa dola 6,000 mwaka 1974 kupitia tangazo la jaridani, ikalitumia kwa miaka kadhaa kwa safari za kazini, na mwaka 1977 McQueen mwenyewe alipoandika barua kuomba auziwe, familia ilikataa. Januari 2020 liliuzwa mnadani Kissimmee, Florida, nyundo ikigongwa kwenye dola milioni 3.4, wakati huo bei kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa kwa Mustang, huku rangi ikiwa imechakaa na vishikizo vya kamera vilivyochomelewa vikiwa bado mahali pake. Mikwaruzo ilivumiliwa, hata kupendwa, kwa sababu ilikuwa mikwaruzo iliyothibitishwa. Bila namba ya chesisi na bila barua ile, gari hilo lingekuwa Mustang ya zamani inayohitaji kupigwa rangi.

Je, anayenunua gari jipya ameokoka na haya yote? Kwa juu juu, ndiyo. Tangu sheria ya 1958 iliyoletwa na seneta Mike Monroney wa Oklahoma, kila gari jipya nchini Marekani hubandikwa dirishani karatasi yenye bei iliyopendekezwa na kiwanda na orodha ya kila nyongeza, na mnunuzi ana dhamana, breki za kisasa na mifuko ya hewa. Lakini bei iliyopendekezwa ni pendekezo tu, na kwa kuwa sheria za majimbo mengi huwazuia watengenezaji wa siku nyingi kumuuzia mteja moja kwa moja, wauzaji wa kati huongeza chao juu yake kila gari linapotakiwa na wengi. Viwanda navyo vimejifunza kutengeneza kwa makusudi uadimu ambao zamani ulitokea kwa bahati mbaya. Dodge Challenger Demon ya 2018, yenye nguvu za farasi 840, ilitengenezwa kwa idadi iliyotangazwa mapema ya magari 3,300, nayo ilikuja na kiti kimoja cha dereva, viti vingine vikiwekwa kwenye fomu ya nyongeza kwa dola moja. Mzaha huo ulikumbusha fomu zile za 1964. Wanunuzi wengi wa magari ya namna hii huyafunika na kuyahifadhi, karatasi ya dirishani ikiwa bado imebandikwa, kwa kutumaini kwamba historia ya 'Cuda itajirudia, wakisahau kwamba 'Cuda ilikuwa adimu kwa sababu wengi walikataa kuinunua.

Uamuzi umekuwa mgumu zaidi tangu Desemba 2023, Challenger na Charger za injini ya silinda nane zilipokoma kutengenezwa katika kiwanda cha Brampton, Ontario, na Camaro nayo ikafika mwisho, ikabaki Mustang peke yake miongoni mwa watatu wa zamani, yaani Mustang, Camaro na Challenger. Charger iliyofuata ikaja kwanza ikiwa ya umeme, na ngurumo inayotengenezwa na vipaza sauti. Mustang hiyohiyo ndiyo inayoweza kumhusu mnunuzi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa kizazi chake kilichoanza 2015 ndicho cha kwanza kutolewa na kiwanda kikiwa na usukani wa kulia, na kwa Kenya, ambayo kanuni zake huzuia kuingizwa kwa magari yenye umri unaozidi miaka minane, mjadala wa GTO na Chevelle unabaki kuwa wa kusomwa tu.

Anayenunua, basi, na aamue kabla ya kuanza kupatana bei ni kipi kati ya viwili anachokitaka, kwa maana mara nyingi vinauzwa katika chombo kimoja lakini havitumiki pamoja. Anayenunua karatasi anapaswa kuinunua ikiwa kamili, amlipe mkaguzi anayejua kusoma bapa la injini, na akubali kwamba kila maili atakayoendesha inampunguzia mali yake. Anayenunua barabara anapaswa kukagua sakafu kabla ya kukagua nyaraka, aridhike na injini iliyobadilishwa, na asihuzunike orodha za minada zinapomweka chini, kwa sababu zinapima kitu ambacho hakukinunua. Kijana wa 1964 aliyeweka alama kwenye fomu ya LeMans alitoa nyongeza isiyofika dola 300 ili apate mwendo, na mnunuzi pekee wa leo anayefanya biashara ileile ni yule anayelipa kidogo kwa gari lisilo na ushahidi na kulimaliza kwa kulitumia.